Picha ya Vikombe, Ilivyoonekana Nyuma ya Shuka

Kila mkirudi kutoka Mombasa kuangalia picha za yule bwana wa wasiwasi, mnakuja barazani kwangu mkibishana. Huyu anashika ile mpya, yule anashika ya mwaka jana, na mimi nanyamaza. Mnanijua, kunyamaza kwangu hakudumu. Nyinyi mmemjua mtengeneza picha huyo juzi, picha zikiwa zinasema zenyewe kama kasuku. Mimi nilimjua angali bubu, na maneno yake yalipita kinywani mwangu hapa hapa Voi. Picha yake iliyo bora kuliko zote hamjaiona wala hamtaiona, maana nakala yenyewe ilikwisha kuungua zamani. Basi kaeni niwaambie. Wewe unayetikisa mguu, tikisa tu. Hata mimi jambo hili siwezi kulisema nimekaa kitako.

Kazi yangu ilikuwa msemaji wa picha, upande wa wanawake. Mzee Gulamu, Mhindi wetu wa ngozi na katani, alikuwa na ghala nyuma ya stesheni. Jumamosi na Jumapili alasiri aliziba madirisha kwa magunia, akatundika shuka ya marekani katikati ya ghala, akazungusha mashine yake kwa mkono. Alasiri, ndiyo. Usiku wa Voi siku zile ulikuwa wa simba, na hakuna picha tamu kiasi cha kukufanya urudi nyumbani gizani. Wanaume walikaa mbele ya shuka pamoja na mashine. Sisi wanawake, wengi wetu wa nyumba za Kiislamu zilizotoka pwani, tulikaa nyuma yake, tukaitazama picha ikipenya kitambaa. Heshima ilibaki mahali pake na picha ikaonekana. Joto chini ya mabati yale lilikuwa la kuokea mkate.

Kila baada ya kitambo yalitokea maandishi ya Kizungu. Kule mbele Mzee Gulamu aliyapaaza mwenyewe huku anazungusha. Huku nyuma nilisema mimi, na Kizungu sikukijua hata neno. Asubuhi alinihadithia picha yote pale dukani, nami nikaimeza kama nilivyomeza juzuu chuoni. Picha ikianza nilikuwa naijua kuliko walioicheza.

Sasa nisikilizeni, maana hii ni elimu na haina chuo tena. Shuka lazima iloweshwe. Ikiwa kavu, walio nyuma wanaona vivuli tu. Ukiimwagia maji mengi, watu wa kwenye picha wanatiririka nyuso, na wanawake wanadhani wanalia hata kwenye harusi. Mimi nilinyunyiza kwa ufagio wa chelewa, kutoka juu kushuka chini, kisha nikaweka kiganja. Kiganja kikitoka na ubaridi bila tone, basi. Na lazima uwahi, kwa sababu kwenye joto lile shuka ilikauka kabla mkebe wa pili wa utepe wa picha haujaisha, nikawa nainuka kila mkebe ukibadilishwa. Nilikuwa msichana wa kuinukainuka, kazi ilinifaa.

La pili ni sauti. Usimpe mtu wa kwenye picha sauti ya mtu anayejulikana mtaani. Mwanzoni nilimpa muuaji mmoja sauti ya fundi wetu wa cherehani, ile ya puani, kwa sababu ndiyo iliyonijia haraka. Wanawake walicheka sana. Kisha wakaacha kumpelekea nguo. Ikabidi niende mimi na kanga mbili za kupinda, nikae pale nje kwake wanione, mpaka woga ukawatoka.

La tatu ndilo kubwa, na alinifundisha Mzee Gulamu. Nilikuwa na huruma ya kijinga. Nikiona mama wa watu ameuma ukaya wake wa kichwani kwa hofu, nilimwambia, "Usijali, hafi huyu." Siku moja Mzee Gulamu aliniita.

"Zuhura, wewe nasema mingi," aliniambia. "Huyu bwana nafanya kazi kubwa sana watu nangoja. Wewe nakuja, nafungua mlango, nasema kwenda nyumbani, yote salama. Hapana. Mahali pa kungoja, wewe funga mdomo."

Tangu hapo tulimwita mtengeneza picha huyo Bwana Ngoja. Mikebe yake ilipofika kwa treni, habari ilitangulia hadi makambi ya katani: leo kuna Bwana Ngoja. Watengeneza picha wengine walikuonyesha mtu anaanguka, ukashtuka, ikaisha. Yeye alikuonyesha wewe kwanza kwamba mtu ataanguka, halafu akamwacha mwenyewe ale, acheke, afunge viatu.

Chukua ile Picha ya Kisima. Fundi ameteremshwa kisimani kwa kamba, anapanga mawe, anapiga mluzi. Juu kamba inasagika, uzi mmoja baada ya mwingine. Basi, hakuna zaidi. Kamba, mluzi, kamba. Siku ile mama mmoja wa Kikamba alishindwa kuvumilia. Alisimama akaidaka kamba aizuie, na kamba ilikuwa shuka yangu. Ikaanguka yote. Tukajikuta tunatazamana na wanaume uso kwa uso, wao wakainamisha vichwa, sisi tukavuta kanga, na fundi akaendelea kupiga mluzi juu ya ushungi wetu. Mzee Gulamu hakuacha kuzungusha. Alisema baadaye kwamba mkono ulikuwa umeogopa.

Na ile Picha ya Treni, treni mbili kwenye reli moja na mgeuza njia amelala. Mletee mtu wa Voi picha ya namna hiyo, mji mzima unakula kwa reli. Mgeuza njia wetu wa kweli alikuwa mle ndani, siku yake ya mapumziko, akatoka mbio kwenda kuangalia njia zake. Hakurudi kuona mwisho. Alinisimamisha sokoni nimwambie kama treni ziligongana, nikamwambia angoje irudi tena, akaninunia mpaka ikarudi.

Kwenye picha hiyo ndipo nilipogundua jambo. Mkebe ulikuwa unabadilishwa, nikazunguka mbele kunyunyiza upande wa pili wa shuka, na Mzee Gulamu akaanza kuzungusha kabla sijatoka. Huku nyuma treni ilikuwa inakwenda Mombasa. Kule mbele treni ile ile inakwenda Nairobi. Nilisimama na ufagio wangu kama aliyeona jini. Nilipowaambia wanawake, walinicheka. "Zuhura, treni ina kichwa kimoja," waliniambia. Nikaacha, kwa sababu haikuwa na madhara. Treni ielekee inakotaka.

Sasa Picha ya Vikombe. Hapa ndipo ninapokosa raha hata leo.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mama yangu, Bi Mwanaisha, mjane, mtu wa adabu kali. Kaka yangu Athmani, aliyetia kuni kwenye injini za treni za mizigo. Mimi. Na mke wa Athmani, Mkamburi, msichana wa Kitaita kutoka Mbololo. Alisilimu akapewa jina la Mariamu, lakini ukimwita Mariamu hageuki, basi tukabaki na Mkamburi. Alikuwa mchapakazi, mcheshi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na alikuwa wa mkono wa kushoto. Kwa kushoto alichota, kwa kushoto alikata, na akiharakishwa alisahau akaandaa chakula kwa kushoto.

"Kwa wa kulia, mwanangu," mama alikuwa akimwambia. "Huo si wa kumpa mtu chakula."

"Nimesahau, mama," alikuwa akijibu, na kubadilisha mkono. Yakaishia hapo, jambo la adabu tu. Mimi na Mkamburi tulipendana. Aliniita wifi kwa namna ya kuvuta, ukadhani ananiimbia.

Jumamosi ile tulikwenda sote watatu. Athmani alikuwa safarini. Picha yenyewe ni ya nyumba moja kubwa: bibi mzee tajiri, mwanawe, na mke wa mwanawe. Mtu fulani mle ndani anataka kumuua bibi. Bwana Ngoja hakutuonyesha uso wa mtu huyo. Alituonyesha mkono tu, umevaa glovu nyeupe, unatokea ukingoni mwa shuka, unatia unga katika kikombe kimoja kati ya viwili, unatoweka. Kisha vikombe vinaletwa kwenye sinia. Sinia inageuzwa. Bibi ananyoosha mkono, anaahirisha, anazungumza, ananyoosha tena. Sijapata kuona vikombe viwili vikatisha watu namna ile. Mimi nilifunga mdomo kama nilivyofunzwa, na ghala zima likafunga pumzi. Mwisho bibi anapona kwa tundu la sindano, glovu inavuliwa, na mwenye mkono ni mke wa mwana.

Lakini kabla ya mwisho huo, mkono ulipotokea mara ya pili, sauti moja gizani ilisema, "Wa kushoto huo." Si mimi. Naapa si mimi, kazi yangu ilikuwa maneno, macho kila mtu alikuja na yake. Mkamburi alikuwa kando ya mama anajipepea na kipepeo, na kipepeo kilikuwa mkononi mwake wa kushoto. Kikasimama. Mwanga wa picha ulikuwa wa kutosha kuona wanawake wakigeuka kumtazama, mmoja mmoja, safu nzima. Akakiweka kipepeo chini, akaukalia ule mkono.

Kabla ya magharibi alituandalia chai. Alimpa mama kikombe kwa wa kulia, kwa uangalifu wa asiyeuzoea. Mama alikiweka chini. "Sina kiu," alisema. Mama yangu na chai, hakuna aliyewahi kusikia neno hilo. Chakula cha jioni alisema tumbo limejaa. Nilimfuata chumbani.

"Athmani akija kesho nitamwambia amrudishe kwao," alisema. "Siwezi kukaa naye tena, Zuhura. Siwezi. Kila akishika chombo naona glovu."

"Mama, mkono ule ni wa kulia. Nyuma ya shuka picha imegeuka. Waulize wanaume."

"Wanaume wana shuka yao na sisi tuna yetu? Kitambaa hakigeuzi mtu. Kesho nakwenda tena nikautazame vizuri, asije akasema nimemsingizia. Nikiuona vile vile, aondoke."

Na neno la mama kwa Athmani lilikuwa sheria. Nilipotoka nilimkuta Mkamburi uani anafunga nguo zake ndani ya kikapu. Alikuwa amesikia yote, kuta zile zilikuwa za udongo na makuti. Hakulia. Alisema tu, "Wifi, mimi nimezaliwa nayo hii mkono. Nitaiacha wapi?" Niliona uchungu, niliona hasira na mama yangu mzazi, na niliona hasira hata na Bwana Ngoja huko kwao aliko.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mzee Gulamu kabla hajafungua duka. Nilimweleza. Alisikiliza huku anakuna ndevu.

"Mimi naweza kugeuza utepe," alisema. "Natia mashine upande mwingine. Wanawake naona kulia. Lakini wanaume leo naona kushoto."

"Wanaume wana akili nyingi," nikamwambia. "Si ndivyo mnavyosema?"

Alicheka mpaka akakohoa. Jumatatu mikebe ilikuwa inaondoka na treni ya Taveta, kwa hiyo hakukuwa na siku nyingine. Akageuza.

Alasiri ile mama alikaa mbele kabisa ya safu zetu, pua karibu na shuka. Mkamburi alibaki nyumbani. Nilisema maneno ya picha sijui kwa sauti gani, macho yangu yalikuwa kwa mama. Mkono ukatokea ukingo wa pili wa shuka, glovu nyeupe, na ulikuwa wa kulia, hauna ubishi. Wanawake wakanong'ona. Mmoja akasema, "Jana amesutwa, leo amejirekebisha," na kicheko kikapita. Mama hakucheka. Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, nikiwa na furaha ya mwizi.

Kitu kimoja sikukijua. Athmani alikuwa ameshuka kwenye treni ya mchana, na badala ya kuja nyumbani kuoga alipitia ghalani na masizi yake, akakaa na wanaume.

Mkamburi alikuwa kizingitini, kikapu kando yake, birika jikoni linachemka kwa mazoea. Mama alisimama mbele yake. "Nimeutazama," alisema. "Ni wa kulia. Kama wangu. Nimekuonea, mwanangu." Mkamburi aliinuka kizingitini. Akaingia, akamimina chai, akatoka na kikombe. Ndipo Athmani akaingia uani.

"Wa kulia?" alisema akicheka kwa uchovu. "Mama, ule mkono ni wa kushoto. Nimetoka kuuona sasa hivi. Mke wa mwana, na mkono wa..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye kikombe na mkono ulioshika kikombe, maana Mkamburi hakuwa anajichunga tena. Kaka yangu, aliyempenda mke wake kuliko nguo zake, akarudi nyuma hatua moja.

Mama aliiona hatua ile. Sijawahi kuona mtu akijitazama katika uso wa mwanawe namna ile. Nikaeleza haraka haraka, utepe, Mzee Gulamu, jana hivi, leo vile, waliokaa mbele, waliokaa nyuma, na nadhani kwa mara ya kwanza walinisikia. Athmani alifunika uso kwa mikono yake ya masizi. Mama akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo chai," alimwambia Mkamburi. "Kwa mkono wowote."

"Hapana, mama," Mkamburi alisema. Sauti yake haikupanda. "Kwetu mtu akiwa na neno kifuani hanywi hivi hivi. Anatia maji kwa mdomo, anatema chini, anasema ile kitu iko ndani itoke. Sisi tunaita kutasa. Ukimeza bila kutoa, unameza pamoja na neno."

Mama yangu kutema chai uani, mbele ya mkwe! Mwanamke aliyetufunza hata kusukutua kwa siri. Alikitazama kikombe. Mkamburi alikinyoosha kwa mkono wa kushoto, polepole, sote tukiona. Nilitaka kusema kitu, chochote, lakini kazi ilikuwa imenifunza mahali pa kufunga mdomo. Mama alikipokea. Akajaza kinywa. Ile chai aliyoikimbia tangu jana ikawa kinywani mwake, hana njia ya kuitema bila kuipokea kwanza. Akainama akaipuliza chini.

"Nilikuogopa," alisema. "Nilitaka mwanangu akuache. Limetoka."

Athmani akachukua, akatema, akasema, "Nilirudi nyuma. Limetoka." Mimi pia nilitema, hasira niliyokuwa nayo na mama, na niliitaja mbele yake. Kikombe kikamrudia mwenyewe. Tukangoja.

Mkamburi alikishika, akatuangalia sote. Kisha akakiweka juu ya kizingiti bila kunywa.

"Langu bado," alisema. "Siwezi kudanganya maji."

Akachukua kikapu chake, akakirudisha ndani. Alibaki. Alipika, alizaa watoto watatu mnaowajua, alicheka nasi, na mama hakumwambia tena habari ya mkono. Lakini neno lake hakulitoa, na sisi hatukumuuliza. Miaka ilipita. Mimi niliacha kazi, picha zikajisemea zenyewe. Wakati mwingine tukinywa chai nilimwona mama akikitazama kinywa cha Mkamburi, akingoja, na mimi moyo ukinienda mbio kama mbele ya vile vikombe. Nyinyi mnaniuliza Bwana Ngoja alifika wapi kwa ustadi. Hakumfikia wifi yangu.

Mama alipoanguka kitandani kwa maradhi, mikono yote miwili ilikufa ganzi. Mkamburi ndiye aliyemlisha. Asubuhi moja alikuja na bakuli la uji, akaliweka, akachota maji ya mtungi, akasimama mlangoni. Akayapuliza nje. Alisema maneno kwa Kitaita, marefu, mengine sikuyaelewa na sikuyaulizia. Kisha akageuka.

"Limetoka, mama," alisema, akaketi kitandani, akachota uji kwa mkono wake wa kushoto. Mama akafungua kinywa.